Baba, Usikate Tena Kidonge

Pearl, Doha
Ijumaa, baada ya sala

Baba yangu Mwalimu Athumani,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii maana mengine nitakayoyasema humu yanakaribia kukosa adabu, nawe ndiye uliyetufundisha kwamba mtoto mwenye neno gumu kwa mzazi wake aanze kwa kuinama. Basi nimeinama. Umeamkaje? Kifua kikoje? Unalalia mto mmoja au bado miwili? Dada Mwantumu na shemeji wazima? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Ila moyo wangu haujatulia wiki ya tatu sasa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu.

Kwenye simu hunijibu, Baba. Nikikuuliza habari za dawa, unaniuliza joto la Doha. Nikiuliza tena unasema mtandao unakatakata, nami nakuona usoni waziwazi, hata kope zako nazihesabu. Karatasi huwezi kuikatia mazungumzo. Anakuletea Bakari, mtoto wa jirani yetu Bi Asha. Ni dereva, anaishi Al Rayyan, na amepata likizo yake. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Isome peke yako kwanza, kisha ukipenda mpe Dada.

Nitaanza na soksi. Siku ile tulipopigiana simu ya picha, ukawa umekaa barazani na kanzu yako ya nyumbani, simu ikateleza kidogo mkononi mwako nikaona miguu yako. Umevaa soksi. Tanga, mwezi wa joto, adhuhuri, Baba yangu kavaa soksi za sufu. Tukaagana vizuri, ukaniombea dua. Lakini kazi yangu huku ni nini, Baba? Ni kumtunza bibi mwenye ugonjwa wa moyo. Kila asubuhi kabla ya chai nabonyeza miguu ya Hajja kwa kidole gumba nione kama shimo linabaki. Mtu anayefanya hivyo kila siku akiona soksi kwenye joto anajua zinaficha nini.

Nikampigia Dada Mwantumu, nikambana. Usimlaumu, alikuwa amekuapia kwamba hatasema, na alijikaza sana. Mwisho akalia. Akaniambia miguu imekujaa mpaka kandambili hazivaliki, na kwamba ukitoka chooni mpaka barazani unasimama njiani ukijifanya unautazama mpapai. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa akifagia chumbani kwako alikuta chini ya kitanda kisahani, wembe, na vidonge vyako vya moyo vimekatwa vipande. Vingine nusu, vingine robo. Amesema umevikata sawasawa kabisa, kama mwalimu wa hesabu anavyokata. Hapo na mimi nikalia.

Nilikuwa sielewi. Mwaka mzima nakuuliza kama nitume hela za dawa, nawe unaniambia, "Weka zako mwanangu, ujenge. Mimi nina bima, bima inalipa kila kitu." Nami nikaamini, maana ni kweli ulikatwa kwenye mshahara tangu mimi sijazaliwa, na tulipokuwa wadogo kadi ile ndiyo iliyotutibu sote. Mama, Mungu amrehemu, alijifungua kwa kadi ile. Kumbe siku hizi dawa hupati.

Habari ya dirishani ninayo. Usiulize imenifikiaje, lakini najua utauliza, kwa hiyo nakuambia: ni Saida, mwanafunzi wako wa zamani, anayekaa mapokezi pale kwenye hospitali ya binafsi ulikotibiwa miaka yote. Alikutana na Dada sokoni akamwangukia kuomba radhi. Alisema ulikwenda asubuhi umevaa koti lako la idi, ukapanga foleni, ukafika ukamkabidhi kadi. Akakuambia, "Shikamoo Mwalimu. Samahani, kadi hizi hatuzipokei tena tangu mwezi uliopita. Labda ulipe taslimu." Watu nyuma yako wakisikia. Anasema hukubisha. Ulimwambia, "Haya mama, kazi njema," ukaichukua kadi, ukaifuta kwa leso kana kwamba imeingia vumbi, ukaondoka. Saida anasema hajalala vizuri tangu siku ile.

Baba, hukukataliwa wewe. Nataka uisome sentensi hiyo mara mbili. Ile ni karatasi ya wakubwa wawili, bima na hospitali, wanaogombana, nawe ukakutwa katikati.

Sasa niseme kosa langu, maana na mimi ninalo, na ni kubwa kuliko lako.

Wiki ile ile Dada aliyoniambia haya, daktari wa Hajja alimbadilishia dawa. Dawa ya zamani ikabaki boksi sita hazijafunguliwa. Madamu, binti yake Hajja, ndiye mwenye nyumba na ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu. Akaniambia, "Rukia, hizi tupa." Nikazishika. Nikasoma jina kwenye boksi. Baba, lilikuwa jina lile lile la dawa yako! Herufi kwa herufi. Ile dawa unayoikata kwa wembe, mimi nimeambiwa niitupe kwenye pipa pamoja na maganda ya ndizi.

Sikuitupa. Niliifunga kwenye khanga ya Mama nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu. Nilijua Bakari anakaribia kusafiri. Usiku huo nililala usingizi wa mtoto, nikijiambia Mungu amejibu.

Kulipokucha hofu ikaanza. Hofu ya kwanza ilikuwa ya uwanja wa ndege, maana wenzangu wa Al Rayyan ninaokutana nao Ijumaa husimulia habari za watu waliosimamishwa kwa sababu ya dawa zisizo na karatasi ya daktari. Nikamwona Bakari ameshikwa kwa ajili yangu, na Bi Asha yuko mlangoni kwako analia. Hofu ya pili ilikuwa ya Madamu. Ya tatu ilikuwa ndogo, haina jina, ilikuwa inanikuna tu: mbona kidonge cha Hajja kina rangi nyingine? Chako ninachokikumbuka ni cheupe. Hiki ni cha pinki.

Chini ya jengo letu kuna duka la dawa. Mfamasia wake ni Msudani, mtu mzima wa makamo, tunamwita Ustadhi Idrisi. Ndiye anayeandaa dawa za Hajja kila mwezi. Nilishuka na boksi moja nimelificha kwenye mkoba. Kiarabu changu ni cha jikoni lakini tunaelewana.

Nikamwambia, "Ustadhi, baba yangu nyumbani anatumia dawa hii. Ni hii hii?"

Akavaa miwani. "Ya baba yako imeandikwa namba gani?"

Nilikuwa na picha ya boksi lako aliyonitumia Dada. Nikamwonyesha. Akaitazama simu, akalitazama boksi, akanitazama mimi. Kisha akaliweka lile boksi upande wake wa meza, mbali na mkono wangu.

"Jina ni moja," akasema. "Nguvu si moja. Hii ni mara nne ya ile. Umeshampelekea?"

"Bado."

"Wallahi?"

"Wallahi, Ustadhi."

Akashusha pumzi. Akaniambia mzee aliyezoea kiasi kidogo akimeza hiki kizima mapigo yatashuka, kichwa kitazunguka, ataanguka bafuni na pengine asiinuke. Nikamwambia, "Lakini yeye hukata nusu." Nilidhani nimepata jibu. Akasema, "Nusu ya hii ni mara mbili ya ile. Hesabu yake itamdanganya." Kisha akaniambia neno ambalo ndilo nakuletea kwa barua hii. Alisema dawa ya moyo si sukari ya chai, kwamba leo nitie kidogo kesho nizidishe. Anayemeza nusu anajiona anatumia dawa, na daktari naye anadhani anatumia dawa, lakini moyo wenyewe unajua haupati kitu. Maji yanapanda kidogo kidogo. Miguuni kwanza, kisha tumboni, kisha kifuani.

Nilipanda lifti kurudi juu. Ningekuua, Baba, kwa mkono wangu, na khanga ya Mama juu yake.

Basi nikawa na mambo mawili: yule mfamasia anaijua familia hii, na boksi la Hajja amebaki nalo. Angesema au asingesema? Sikuweza kukaa nikingoja. Madamu aliporudi kutoka kazini, nilimngoja avue abaya yake, nikamletea yale maboksi matano kwenye sinia, nikamwambia yote.

Akauliza, "Umechukua dawa za mama yangu?"

"Zile za kutupwa, Madamu."

"Nilikuambia utupe. Sikukuambia uchague." Akasema na mengine, si ya kuandika. Nilichokishika ni hiki: "Baba yako akifa kwa dawa yenye jina la mama yangu, watakuja kumwuliza nani?" Na hapo hakukosea. Akaninyang'anya ufunguo wa kabati la dawa, akamkabidhi dada wa Kifilipino anayepika.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Nilifanya kazi zote ila ile moja. Hajja akawa anafunga mdomo kila mwenzangu anapompelekea vidonge. Ananitazama mimi niliyesimama mlangoni, anauliza, "Binti, umenikasirikia?" Siku ya nne presha yake ikapanda, Madamu akaniita mbele yake, akaniwekea ufunguo mkononi.

Usifurahi bado. Kibali changu cha kukaa kinaisha mwezi ujao na yeye ndiye wa kukitia saini. Tangu siku ile hajanitazama vizuri. Mara ananiambia asante, mara siku nzima hasemi. Sijui kama atasaini. Nimekuambia hili ili usije ukasikia kwa mtu mwingine, na pia ili ujue kwamba na mimi nimekiri aibu yangu kwa mtu ninayemwogopa, na sikufa. Nawe waweza.

Baada ya hapo nilitafuta namba ya daktari wako, Daktari Kileo. Saida ndiye aliyenipa. Nilimpigia mchana, Hajja amelala, nimejifungia chumba cha kufulia. Nakiri nilimpigia kwa hasira. Nilimwambia, "Baba yangu amekuja kwako miaka kumi. Mmemfukuza kama mwizi."

Akaniacha niseme yote. Halafu akaniambia upande wao. Kwamba bima ilitoa orodha mpya ya bei: bei ya kumwona daktari imeshuka, na baadhi ya dawa wanarudishiwa chini ya kile walichonunulia. Na hata hicho kilichokubaliwa kinachelewa miezi. Wenye hospitali wakasema hawapokei kadi mpaka waelewane. "Mimi ni mwajiriwa, dada yangu," akasema. "Wagonjwa wangu nusu wamepotea ndani ya mwezi mmoja. Kila siku najiuliza wako wapi, nani anawaangalia."

Nikamwambia, "Mmoja yuko kwake, anakata vidonge kwa wembe."

Akauliza, "Mwalimu Athumani?" Nikamwambia ndiye. Akauliza miguu. Akauliza pumzi, mito, mkojo, uzito. Sauti yake ilibadilika, Baba. Nilipomtajia mito miwili akasema, "Asingoje mwisho wa mwezi."

Sasa sikiliza aliyoyasema, nayaandika taratibu ili usiyaruke. Kila Alhamisi asubuhi Daktari Kileo anakaa kwenye hospitali ya wilaya, kliniki ya moyo na presha. Pale kadi yako inapokelewa, haijawahi kukataliwa. Tatizo la pale ni dawa yako hiyo, mara ipo mara haipo, na Dada ameniambia ulikwenda pale siku moja, ukaambiwa haipo, ukanunue nje, ukaona bei, ukarudi nyumbani na wembe. Lakini daktari anasema iko dawa nyingine, ya zamani, ya bei ndogo, inafanya kazi ileile, nayo pale haikosekani. Anaweza kukubadilishia. Ila ni lazima akuone, akupime, akupe na ya kutoa maji, maana huwezi kubadilishwa kwa simu. Na ni lazima umwambie ukweli umekuwa ukimeza kiasi gani. Ukimwambia unameza kizima, atapanga hesabu yake juu ya uongo, na utarudi kulekule nilikotaka kukupeleka mimi na vidonge vya pinki.

Najua utasema Alhamisi kuna foleni. Ipo. Najua utasema pale wanakaa watu wengi uliowafundisha na hutaki wakuone unahema. Baba, waache wakuone. Wamekuona ukiwa na chaki miaka thelathini, hawawezi kukudharau kwa kuvimba miguu. Saida ameomba ruhusa kazini kwake Alhamisi ijayo, anataka kukusindikiza yeye mwenyewe na kukushikia nafasi. Mkubalie. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili yake, apate kulala.

Shemeji ameshaongea na mwenye bajaji, atakufuata saa kumi na mbili na nusu. Usitembee mpaka kituoni.

Ndani ya mfuko wa Bakari hakuna dawa hata moja, usitafute. Kuna mashine ya kupimia presha niliyonunua kwa Ustadhi Idrisi kwa njia ya halali, na risiti imo ndani. Dada ataifunga mkononi mwako asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Mkono uukunjue mezani, usiongee wakati inapima. Kuna tende, lakini kula tatu tu kwa siku. Na chumvi, Baba! Dada ameniambia unaomba chumvi mbichi kwenye muhogo. Hajja naye huniomba hivyohivyo, na macho ya huruma hayohayo, na simpi.

Tena kuna jambo la nyumba. Fundi nimemsimamisha. Kuta zimefika kwenye lenta na zitabaki hapo zikinyeshewa na mvua ya vuli. Usinigombeze. Ulikuwa unameza robo ya kidonge ili mimi niezeke bati. Nani atakaa chini ya bati hilo? Nilitaka nyumba ile ili uwe na chumba chenye choo ndani, usitoke nje usiku. Nikipata nyumba nikakukosa wewe nitakuwa nimejenga banda la popo.

Ukiniambia uongo tena, nitarudi. Sikutishi. Mkataba wangu hata hivyo haujulikani, na nikirudi sitakuwa na kazi, na sote tutakuwa tunakata vidonge. Kwa hiyo niambie ukweli ili nibaki. Alhamisi ukitoka kwa daktari, mwambie Saida anipigie, nione uso wako. Hata kama nimembeba Hajja mikononi nitapokea. Ukiwa umelazwa, niambie umelazwa. Ukiwa umeogopa, niambie umeogopa. Mimi mwenyewe naogopa kila simu inapolia kwa namba ya nyumbani, naitazama kwanza, natia bismillah ndipo naigusa. Ukweli hata ukiwa mbaya unanifaa kuliko kukisia.

Nisalimie Dada Mwantumu, mlezi wako na wangu, mwambie amefanya vema kuvunja kiapo. Msalimie shemeji Hamza, mkono wake wa kushoto na kulia nauona katika kila linalofanyika hapo nyumbani. Shangazi Tatu, dada yako, mwambie dua zake zinafika, lakini aache kukuletea dawa ya mizizi mpaka Daktari Kileo aiangalie, namwomba kwa heshima zote. Bi Asha, jirani na mama wa Bakari, mwambie mwanawe huku ni mtu wa watu. Na Saida, binti yako wa darasani, mwambie sina kinyongo naye hata chembe.

Hajja ameamka, ananiita. Nimemwambia namwandikia baba yangu mgonjwa, akasema nikuandikie kwamba naye vidonge vinamchukiza, ila anavimeza. Nimekufikishia.

Baba, maisha yangu yote umeniambia nami nimetii. Safari hii geuza.

Ni mimi mwanao, ninayekuomba unitii mara hii moja tu,

Rukia